Kwa Miguu Hadi Namugongo

Watu wa kwanza kutembea kwenda Namugongo walikuwa wafungwa. Mwishoni mwa Mei 1886, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwahukumu watumishi wa ikulu yake waliokataa kuiacha dini mpya ya Kikristo. Wakafungwa, wakatolewa Munyonyo kando ya ziwa, wakaswagwa kwa miguu. Si wote waliofika. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani siku ya kwanza, pale Ttakajjunge. Kesho yake Atanasi Bazzekuketta akauawa Nakivubo, na Gonzaga Gonza, kijana wa Busoga, akauawa Lubaawo. Waliosalia waliwekwa kifungoni karibu wiki nzima kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto, kiongozi wao Karoli Lwanga akitangulia peke yake. Mauaji ya miaka ile, kuanzia 1885 hadi 1887, yanahesabiwa mashahidi 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana.

Mimi ni fundi viatu hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mzaliwa wa Masisi, Kongo. Kila Mei watu huniletea viatu vya kwenda navyo Namugongo kuhiji sikukuu ya mashahidi, tarehe 3 Juni, na wateja wangu wengi husema ile ni hija ya Waganda, sisi wakimbizi tumejibandika tu. Sikubali, na sababu ya kwanza ni lugha yetu, Kiswahili.

Wamisionari Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877. Padri Mkatoliki Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alitua Kigungu tarehe 17 Februari 1879 pamoja na Bruda Amans. Wote walitokea pwani, kwa njia za misafara, na lugha waliyoitumia kufundishia mwanzoni ilikuwa Kiswahili. Vijana wa ikulu walisoma Injili kwa Kiswahili kabla haijachapwa kwa Kiganda. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Rugarama, waliuawa kwa moto Busega, na wamisionari waliandika kwamba walikwenda kufa wakiimba wimbo wa dini wa Kiswahili. Leo Uganda lugha yetu huitwa lugha ya askari na wageni. Ningependa kila mtoto wa Nakivale ajue kwamba iliimbwa Busega.

Tena ajue habari za Andrea Kaggwa. Huyu alizaliwa Bunyoro, akatekwa utotoni, akaletwa Buganda kama mateka. Alikua ugenini, akawa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka na mwalimu wa dini, na leo ndiye msimamizi wa makatekista. Aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Mtu aliyeondolewa kwao kwa vita ni miongoni mwa wanaoheshimiwa zaidi katika nchi iliyompokea kwa nguvu. Nikilifikiria hilo, siwezi kukaa pembeni na kusema hija si yetu.

Mashahidi walitajwa wenye heri mwaka 1920, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI akawatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu. Mwaka 1969 alikuja mwenyewe, Papa wa kwanza kufika Afrika akiwa madarakani. Basilika ya Namugongo, yenye umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda na nguzo 22, iliwekwa wakfu tarehe 3 Juni 1975. Kuanzia hapo barabara zikajaa. Wakenya huingia kwa mpaka wa Busia, na majimbo ya Uganda hupokezana kuongoza sherehe. Ni korona tu iliyouzuia umati, 2020 na 2021.

Kutoka Mbarara, mji ulio karibu nasi, hadi Kampala ni kilomita 270 hivi. Kundi hubarikiwa, hutangulizwa msalaba na bendera, mizigo hupakiwa kwenye gari, kisha mwendo: Biharwe, Sanga, Lyantonde, Masaka, Lukaya, halafu kinamasi cha Lwera ambako hakuna kivuli, mstari wa Ikweta pale Kayabwe, Mpigi, Kampala. Magazeti yamewahi kuandika juu ya mzee wa Jimbo Kuu la Mbarara aliyeitembea njia hii akiwa amepita miaka tisini. Naamini kabisa. Wazee hutembea polepole na hawasimami ovyo. Wanaolemazwa na malengelenge ni vijana wa raba mpya. Ushauri wangu haubadiliki: vaa kiatu ambacho mguu unakijua, au lugabire za tairi zilizokwisha kulainika.

Huko Ulaya watu hutembea njia ya Santiago, Hispania, wakiomba wafadhili waahidi fedha kwa kila kilomita, nazo ziende kwenye hisani. Kampala nayo ina mbio za Rotary, zilizoanza 2012 kuchangia wodi ya saratani ya Hospitali ya Nsambya. Barabara ya Mbarara ina desturi tofauti: aliyebaki nyumbani ndiye humpa anayetembea. Parokia hufungua madarasa watu walale, akina mama huleta matoke na maji ya moto ya kukanda miguu, mwenye duka hutoa soda. Hujaji naye hubeba nia za watu: mgonjwa, mtoto aliyepotea vitani, kesi ya shamba. Anayetoa anajua jina lake litatajwa Namugongo.

Sisi wa Nakivale tumeziunganisha desturi hizo mbili. Makazi haya yalianza 1958 kwa wakimbizi kutoka Rwanda, na sasa yana watu zaidi ya laki moja. Tangu mgao wa chakula wa WFP ulipoanza kukatwa mwaka 2020, nauli ya kumfikisha mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara imekuwa mlima. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, watembeaji wetu hupita nyumba kwa nyumba. Wanapokea nia, na pamoja na nia shilingi 500, au 1,000, au kikombe cha maharage. Chakula huliwa njiani. Fedha huachwa kwa mweka hazina, naye huzitoa kwa nauli za wagonjwa, wawe Wakatoliki, Waislamu au walokole. Nimewaona Wasomali wenye maduka wakichangia. Sijui njia bora kuliko hii ya kuwaheshimu mashahidi: miguu inakwenda Namugongo, na fedha inabaki kwa mgonjwa wa jirani.

Ndugu msomaji wa Mbarara, Mei ijayo ukiwakuta mahujaji barabarani, uliza kama wapo wa Nakivale. Usiwape fedha ya soda tu. Wape nauli ya mtu mmoja kwenda hospitali na kurudi, na uwatajie nia yako waibebe.