Uturuki, Umoja wa Ulaya na bandari zilizofungwa

Tarehe 3 Oktoba mwaka 2005 Uturuki ilifungua mazungumzo ya uanachama na Umoja wa Ulaya. Sheria ambazo nchi hiyo ilitakiwa kuzifuata ziligawanywa katika sura 35, na sura ya 14 inahusu uchukuzi. Ukiisoma utaona mambo makavu: dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, mwenye kampuni ya uchukuzi athibitishe mtaji na ujuzi wake, meli zikaguliwe.

Katika hayo Ankara haikulala. Sheria yake ya uchukuzi wa barabarani ya mwaka 2003 ilifuata mkondo wa Ulaya. Meli zenye bendera ya Uturuki, ambazo wakaguzi wa bandari za Ulaya walikuwa wameziweka katika orodha nyeusi, ziliingia orodha nyeupe mwaka 2008.

Kikwazo kilikuwa kwingine. Tangu mwaka 1987 Uturuki imezizuia meli zenye bendera ya Cyprus kutia nanga katika bandari zake. Cyprus ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, wiki moja tu baada ya kura ya maoni ambapo wakaazi wa kisiwa hicho wenye asili ya Kituruki waliukubali mpango wa Umoja wa Mataifa wa kukiunganisha, na wenye asili ya Kigiriki wakaukataa. Julai 2005 Uturuki ilitia saini itifaki ya kuupanua umoja wa forodha hadi kwa wanachama wapya, lakini papo hapo ikatangaza kuwa haiitambui serikali ya Cyprus. Bandari, ilisema, zitafunguliwa pale eneo la kaskazini litakapoacha kutengwa kibiashara, kama Ulaya ilivyoahidi mwaka 2004. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, ingawa itifaki yenyewe haikuwa na sharti hilo.

Desemba 2006 mawaziri wa mambo ya nje wa Umoja wa Ulaya walizisimamisha sura 8, ya uchukuzi ikiwemo. Hata hivyo, mwaka 2013 bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya kuruhusu kampuni binafsi kuendesha treni, na Juni 2018 Umoja wa Ulaya ukatamka kuwa hakuna sura mpya itakayofunguliwa.

Angani hali ni ya hatari zaidi. Ripoti za Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya zimerudia mara nyingi kuonya kuwa waongozaji wa ndege wa Uturuki na wa Nicosia hawawasiliani, na rubani anayepita kaskazini mwa Cyprus aweza kupewa maelekezo mawili yanayopingana.