Tetemeko la Ardhi Katika Filamu na Katika Historia: Mfano wa San Francisco, 1906

Tetemeko la ardhi ni mtikisiko unaotokea pale miamba iliyo chini ya ardhi inapovunjika au kuteleza ghafla baada ya kubanwa kwa muda mrefu. Wengi wetu tumeliona tetemeko kubwa katika filamu kabla ya kulisoma darasani. Insha hii inalinganisha tetemeko la San Francisco, nchini Marekani, na filamu mbili zinazohusu mji huo. Hoja yake ni kwamba filamu hutufundisha kuiogopa ardhi, ilhali historia inatuonyesha kwamba kinachoua zaidi ni kile ambacho binadamu amekijenga na maamuzi anayoyafanya.

Tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri, mji huo ulitikisika kwa takriban dakika moja. Kando ya ufa wa San Andreas, pande mbili za ardhi ziliteleza, kila moja ikielekea kwake, mahali pengine kwa takriban mita 6. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Mabomba makuu ya maji yalipasuka. Mkuu wa zimamoto, Dennis Sullivan, alijeruhiwa vibaya siku hiyo hiyo na akafariki siku chache baadaye. Moto uliwaka kwa siku tatu hivi. Nyumba zililipuliwa kwa baruti ili kuuzuia usienee, lakini milipuko mingine ilizusha moto mpya. Kati ya wakazi wapatao 400,000, zaidi ya nusu walibaki bila makazi.

Filamu ya kwanza, San Francisco ya mwaka 1936, haikuuficha moto wala baruti. Hata hivyo, ardhi inapasuka katikati ya barabara, na maafa yote yanakuwa njia ya kumrudi mtu mmoja, mwenye ukumbi wa starehe, hadi anapiga magoti na kusali. Filamu ya pili, San Andreas ya mwaka 2015, inaonyesha shimo kubwa lililokata ardhi na wimbi la tsunami linaloingia mjini. Wanasayansi walieleza kwamba ufa huo hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa pande zake husuguana tu, haziachani. Shujaa wake ni rubani wa uokoaji anayeitumia helikopta kuitafuta familia yake mwenyewe.

Je, ni filamu peke yake iliyopotosha? La. Baada ya maafa ya 1906, viongozi na wafanyabiashara wa mji walipendelea kuyaita "moto" kuliko "tetemeko", wakihofia kuwafukuza wawekezaji. Hesabu rasmi za wakati huo zilitaja mamia ya waliokufa, na Wachina wengi waliokuwa wakiishi mjini hawakuhesabiwa. Leo wanahistoria wanakadiria vifo vipatavyo 3,000. Hivyo basi, ukweli ulipunguzwa hata kabla ya kufika kwenye skrini.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaoishi kando ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Toro nchini Uganda, tarehe 20 Machi 1966, liliua zaidi ya watu 100. Lile la Kagera nchini Tanzania, tarehe 10 Septemba 2016, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi. Hakuna aliyemezwa na shimo la sinema. Watu waliangukiwa na kuta za matofali na udongo zisizofungwa vizuri.

Kwa kumalizia, tetemeko halizuiliki, lakini ukuta unaweza kuimarishwa, maji ya kuzimia moto yanaweza kuwekwa akiba, na kila marehemu anaweza kuhesabiwa. Mtazamaji wa filamu huuliza kama shujaa atapona. Mwanafunzi wa historia anapaswa kuuliza nani aliijenga nyumba ile, kwa nini ilianguka, na jina la nani halikuandikwa.