Bidhaa ya Nyumbani na Mazingira: Hoja kutoka Wampembe

Wito wa kununua bidhaa zilizotengenezwa nchini si mgeni Tanzania. Ulipata nguvu katika siasa ya kujitegemea baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ukafifia miaka ya soko huria, na sasa umerudi na hoja ambayo awali haukuwa nayo: kwamba anayenunua cha nyumbani anatunza mazingira. Hoja hiyo husemwa kwa urahisi mno. Sababu inayotolewa mara nyingi ni umbali: bidhaa iliyosafiri kidogo imechafua kidogo. Makala haya yanadai kwamba kwa sehemu kama Wampembe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, mkoani Rukwa, sababu hiyo haitoshi, na mara nyingine inapotosha. Ipo sababu nyingine yenye uzito zaidi. Ukaribu hauisafishi bidhaa. Unachofanya ni kuwaweka mtengenezaji, mnunuzi na anayeumia mahali pamoja, ambapo mmoja anaweza kumwajibisha mwenzake. Uwezo huo usipotumika, bidhaa ya nyumbani inaweza kuharibu kuliko ya ng'ambo.

Tuanze na umbali, kwa kuwa unahesabika. Tani moja ya mzigo ndani ya meli kubwa ya makontena hutoa takribani gramu 10 hadi 15 za kaboni dioksaidi kwa kila kilomita. Tani hiyo ikipakiwa kwenye lori la masafa marefu, hutoa gramu 80 hadi 100, na zaidi ya hapo barabara ikiwa ya mlima au mbovu. Kutoka kusini mwa China hadi bandari ya Dar es Salaam ni kilomita elfu kumi na ushee. Kwa hiyo bahari nzima inagharimu kati ya kilo 100 na 160 za kaboni kwa tani. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga, kupitia Mbeya na Tunduma, ni zaidi ya kilomita 1,100, nazo zinagharimu kati ya kilo 90 na 115. Barabara yetu wenyewe inakaribia bahari yote. Baada ya hapo mzigo unakwenda Namanyere, kisha unashuka kwa barabara ya Kitosi–Wampembe kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi ziwani, ambako maji yako mita zipatazo 770 tu juu ya usawa wa bahari. Ndoo ya plastiki ya Dar es Salaam na ndoo ya Guangzhou hupanda lori moja na kushuka mteremko mmoja.

Isitoshe, usafiri wenyewe si sehemu kubwa ya madhara ya bidhaa nyingi. Utafiti wa Poore na Nemecek wa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba ya nchi nyingi, ulionyesha kuwa usafiri huchangia takribani asilimia 6 tu ya gesijoto zinazotokana na chakula duniani. Kilichobaki hutoka shambani, kwenye mifugo, kwenye msitu uliofyekwa, kwenye mbolea. Hapa ndipo hata neno "nyumbani" linapoanza kuyumba. Mahindi ya Ufipa, yanayolisha mikoa mingi, hukuzwa kwa mbolea za viwandani ambazo sehemu kubwa hutoka nje. Zamani Wafipa walirutubisha udongo kwa matuta ya nyasi zilizofukiwa zikaoza, yaitwayo intumba, mbinu iliyofaa kulima uwanda wenye miti michache bila kuhamahama. Kupitia mbolea ya kiwandani, gunia la mahindi ya leo lina gesi asilia ya nchi nyingine ndani yake, ingawa limeshonwa Sumbawanga.

Umeme nao unaidhoofisha hoja ya umbali. Kwa miaka mingi Rukwa haikuunganishwa na gridi ya taifa. Mkoa ulitegemea majenereta ya dizeli pamoja na umeme ulionunuliwa Zambia, nchi inayozalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa nguvu ya maji. Kila uniti iliyovuka mpaka ilikuwa safi kuliko uniti iliyozalishwa kwa dizeli mjini Sumbawanga. Mzalendo aliyependelea jenereta la nyumbani angekuwa amechagua moshi.

Hata hivyo, hakuna bidhaa inayoijaribu hoja hii vikali kuliko mkaa. Katika soko lolote la Rukwa, mkaa ndio bidhaa ya nyumbani kupita zote: mti ni wa hapa, mchomaji ni wa hapa, mbeba baiskeli ni wa hapa, fedha yote inabaki hapa. Mtungi wa gesi, kwa upande wake, umejazwa bidhaa iliyokuja kwa meli. Lakini tanuru la udongo la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa, na kuni hizo ni miombo ambayo imechukua miongo kukua. Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo, unatoa nafasi kubwa kwa gesi. Kwa jiko la mjini Sumbawanga, kununua cha nje kunaweza kuokoa msitu wa nyumbani.

Mtu angeishia hapo na kusema suala limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu ya Kilosa. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, walisaidia vijiji vya wilaya hiyo kutenga misitu ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kupanga sehemu za kuvuna, na kuziacha zichipue kwa mzunguko wa miaka 24 kabla ya kurudiwa. Ushuru uliingia kwenye mfuko wa kijiji. Mti ni uleule na tanuru halikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba msitu ulipata mwenyewe, na mchomaji akapata watu wa kumuuliza amekata wapi na kwa kibali gani. Tofauti kati ya mkaa wa Kilosa na mkaa wa gizani haimo katika kilomita. Imo katika mamlaka ya serikali ya kijiji, na mamlaka hiyo haiwezi kuufikia msitu wa ng'ambo, kama wa Borneo.

Mafuta ya kupikia yanathibitisha jambo hilo kutoka upande wa pili. Hekta moja ya michikichi hutoa mafuta mara kadhaa kuliko hekta ya alizeti. Kwa kipimo cha ardhi peke yake, mafuta ya Indonesia yangeshinda. Lakini hekta ile ya Indonesia huenda ilikuwa msitu wa mvua au udongo wa mboji uliokaushwa, na mnunuzi wa Namanyere hana namna ya kujua, sembuse kuhoji. Alizeti ya Ufipa hupokezana na mahindi katika shamba lililokwisha kufunguliwa. Likifunguliwa shamba jipya msituni, jirani ataona. Naona hiyo ni sababu halali ya kununua alizeti, na ni bora kuliko hesabu ya malori.

Historia ya Ufipa yenyewe inatufundisha kutoitukuza bidhaa ya nyumbani kwa kuwa tu ni ya nyumbani. Kabla ya ukoloni, uwanda huu ulijulikana kwa chuma na kwa vitambaa vya pamba. Mabaki ya malungu, yaani matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, bado yamesimama sehemu mbalimbali, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza kwa kina hadi mwambao wa Nkasi. Uyeyushaji ulikuwa wa hatua mbili: kwanza ndani ya tanuru kubwa, kisha ndani ya tanuru dogo la kusafishia, na hatua zote mbili zilikula mkaa. Jembe la Kifipa lilikuwa na bei yake kwa miti. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalipolisukuma kando mwanzoni mwa karne ya 20, miti ya hapa ilipumua, lakini jembe halikuacha kugharimu. Gharama ilihamia kwenye migodi ya makaa ya mawe ambayo mkulima wa Ufipa hakuwahi kuiona. Uagizaji mara nyingi huhamisha madhara bila kuyaondoa, na yakishahama hakuna wa kuyalalamikia.

Sasa turudi Wampembe kwenye bidhaa yake kuu, samaki. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa kipe, nyavu zinazoteremshwa kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja, samaki wakivutwa na taa. Alfajiri dagaa hutua pwani. Akianikwa juu ya chanja ya wavu iliyoinuliwa na kugeuzwa kwa mikono mara mbili tatu, jua kali humkausha siku hiyohiyo. Hachomewi kuni na hahitaji barafu, na akishakauka ni mwepesi kupandisha Sumbawanga kuliko samaki mbichi. Ni vigumu kutaja kitoweo cha mnyama chenye madhara madogo zaidi kwa hewa. Hapa kauli ya kununua cha nyumbani inasimama kwa miguu yake yote.

Lakini angalia mahali palepale wakati wa mvua. Jua likikosekana siku mbili, dagaa huanza kunuka na sehemu ya mavuno huharibika. Na mgebuka, ambaye ni mnene, hubanikwa kwa moshi wa kuni zinazotoka kwenye miteremko iliyo juu ya kijiji. Udongo wa mteremko uliovuliwa miti huishia ziwani, juu ya mawe ambako samaki wa pwani hulisha na kuzaliana. Mnunuzi wa Sumbawanga anayetaka kusaidia ziwa afanye zaidi ya kuchagua dagaa wa Tanganyika: alipie zaidi dagaa wa chanja kuliko aliyeanikwa mchangani, na amuulize mchuuzi kuhusu ukubwa wa matundu ya nyavu. Tanzania ilipofunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani, waliobeba maumivu ni kaya za mwambao. Bei isiyotambua sadaka hiyo inawaambia wavuvi kwamba kanuni ni hasara.

Vifaa vya uvuvi ni habari nyingine. Karabai iliyokuwa ikinywa mafuta ya taa imepisha taa za LED zenye betri na sola, karibu zote kutoka nje, na hewa imefaidika. Tatizo linakuja betri ya risasi ikifa. Aliyeitengeneza yuko mbali, hakuna njia ya kuirudisha, na tindikali huishia mchangani. Nadhani sheria ingepaswa kumtaka mwagizaji ayapokee mabetri yaliyokufa kama anavyoyauza mapya, kwa sababu yeye ndiye mtu wa karibu zaidi katika mnyororo ambaye mahakama zetu zinaweza kumfikia.

Na hapo tunakutana na bidhaa ya ndani ambayo karibu kila mara inasaidia mazingira, ingawa haionekani kwenye maonyesho ya viwanda: kazi ya fundi. Meli ya MV Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kwa vizazi kadhaa ikahudumia vituo vya mwambao, Wampembe ikiwemo. Ni bidhaa ya nje kabisa. Kilichofanya chuma chake kitumike zaidi ya karne badala ya kuachwa majini ni mikono iliyoikarabati ziwani. Shona nyavu, funga upya injini ya boti, ziba mtumbwi: kila shilingi inayokwenda hapo inaahirisha kiwanda kingine kuchoma makaa ya mawe. Kodi na mikopo ya halmashauri vinavyowatazama wenye viwanda na kumsahau fundi vinakosea mahali pa kuanzia.

Lakini lipo jambo ambalo ununuzi wa ndani hauwezi kulifikia. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, tabaka za juu na za chini zinachanganyika kidogo, na virutubisho vya vilindini havipandi kama zamani. Walikadiria uzalishaji wa mimea midogo ya majini kupungua kwa asilimia 20, na samaki kwa takribani 30. Mvuvi wa Wampembe amekosa samaki kwa sababu ya moshi ambao hakuununua. Hana duka la kususia.

Kwa madhara ya namna hiyo, uwajibikaji lazima utafutwe kwa njia nyingine, na dalili zipo. Mwezi Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika uliiomba Mahakama ya Afrika mjini Arusha itoe maoni kuhusu wajibu wa mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi; na mwezi Julai mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kuilinda hali ya hewa, na kwamba kuukiuka kunaweza kuleta dai la fidia. Tanzania, Zambia, Burundi na Kongo zimekuwa na mkataba wa pamoja wa ziwa hili tangu mwaka 2003, pamoja na Mamlaka yake mjini Bujumbura. Nchi hizo nne zina ushahidi wa kisayansi wa zaidi ya miaka 20 kuhusu hasara ya ziwa moja. Ziuandae pamoja, ziupeleke mahali unapoweza kusikilizwa, na wavuvi wa mwambao wawe miongoni mwa mashahidi.