Vikaragosi vya Usukumani: si miungu, ni wachezaji

Wadau, juzi nilikuwa Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza. Ndani ya makumbusho ya Wasukuma nikasimama mbele ya sanamu ya mti yenye mikono inayochezeshwa. Kijana mmoja akaniuliza, "Kaka, huyu ndiye mungu wao?" Nikashindwa kunyamaza.

Ndugu msomaji, kile ni kikaragosi cha ngoma. Karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma na dawa. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu tunaowasikia hadi leo. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kwa desturi mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Watazamaji ndio waamuzi. Kwa hiyo kila manju alibuni kivutio chake: huyu nyoka, yule kikaragosi cha kuchekesha na kushangaza.

Wamisionari wengi waliziona ngoma hizi kuwa ushenzi. Padri David Clement kutoka Kanada, mwanzilishi wa Bujora, alifanya kinyume: alizipa nafasi hata kanisani.

Babu yangu, Mgika, hakubahatika hivyo. Alipobatizwa aliambiwa kikaragosi chake ni shetani, akakichoma mwenyewe. Mimi mjukuu wake, na digrii yangu, nimeviona vya wenzake makumbusho tu.

Je, kwenu kilichomwa nini? Waulizeni wazee wangali hai.