Mgeni na Mto: Mapumziko ya Kando ya Maji katika Bonde la Kilombero

Linapotajwa neno mapumziko, mawazo ya wengi wetu huelekea pwani: Bagamoyo, Pangani, Unguja au Mafia, mahali penye ufuko mweupe, nyumba ndogo ya wageni iliyoezekwa kwa makuti, samaki wa nazi na upepo wa bahari. Hatuna ugomvi na mawazo hayo. Lakini aghalabu huandamana na wazo jingine ambalo hatuwezi kulikubali, nalo ni kwamba kukaa kando ya maji, kula vizuri na kuuburudisha mwili ni desturi tuliyoletewa na watalii, na kwamba mwananchi wa bara hakuijua. Yafaa basi tulitazame jambo hili mahali palipo mbali na bahari, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, yaani Ifakara na Bonde zima la Kilombero.

Kwanza ieleweke kuwa bonde hili si geni kwa bahari kama lidhaniwavyo. Mto Kilombero hukusanya maji ya milima ya Udzungwa na ya nyanda za Mahenge, ukaupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na Rufiji huyamwaga baharini kuelekea Mafia. Mgeni anayepumzika ng'ambo ile ya delta anaburudishwa, bila ya kujua, na maji yaliyokwisha kupita chini ya Ifakara.

Wakazi wa bonde ni wa asili mbalimbali. Wapo Wandamba, mabingwa wa mtumbwi na nyavu; wapo Wapogoro wa upande wa Mahenge; wapo Wambunga walioingia katika karne ya 19; na wapo Wabena wa mtoni, ambao habari zao ziliandikwa na Bwana na Bibi Culwick katika kitabu kilichotoka mwaka 1935. Wote hao maisha yao yalipangwa na mto. Mvua zikishika, maji hufurika na kulifunika bonde. Hapo familia nyingi huhama kijijini na kwenda kukaa katika mashamba ya mpunga, ambako hujenga vibanda na madungu, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Walimu waliofundisha huko wanalijua jambo hili vizuri, maana madaftari yao ya mahudhurio huwa mashahidi. Na watoto wanaobaki kijijini kwa ajili ya masomo mara nyingi huachwa chini ya uangalizi wa bibi au wa kaka mkubwa. Hayo si mapumziko hata kidogo. Ni miezi ya kazi, ya mbu na ya usingizi wa mang'amung'amu.

Mpunga ukisha kuvunwa na maji yakipungua, mto hurudi kitandani mwake na kuacha mafungu ya mchanga mweupe usiopungukiwa kitu mbele ya mchanga wa pwani. Huo ndio msimu wa wavuvi kupiga kambi, au kama wasemavyo watu wa pwani, kupiga dago. Vibanda vya nyasi husimama ukingoni, chanja za kubanikia samaki huwashiwa moto, na jamaa kutoka vijijini huja kutembea. Huja kwa kisingizio cha kununua kambale na perege, lakini hukaa siku mbili tatu. Hula wali mpya, yaani wali wa mpunga ambao wao wenyewe waliulinda juu ya dungu, pamoja na samaki aliyetoka majini asubuhi ile. Hunywa togwa, husimulia, hulala. (Kuoga huogea kwa kata, pembeni, mamba naye hupenda kupumzika juu ya fungu la mchanga, wala hana desturi ya kugawana.) Kama haya si mapumziko ya kando ya maji, basi hatujui neno hilo lina maana gani. Tofauti ni kwamba hapa pumziko ni tunda la kazi ya mtu mwenyewe, na chakula chake kina historia anayoijua.

Naye mgeni asiye jamaa je? Methali yetu yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kama kwamba ni ya kumfukuza mgeni. Sisi twaiona ni ya kumkaribisha, maana apewaye jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba ile. Mwaka 1994, tukiwa mtumishi mchanga wa serikali tuliyetumwa Mahenge na furushi la majalada, tulifika Kivukoni jua limekwisha kuchwa na kivuko kimefungwa. Mama mmoja muuza chakula alitupa wali na kambale wa kubanika, akatutandikia mkeka penye upenu. Asubuhi tulitoa fedha. Akapokea bei ya chakula tu. "Mwanangu," akasema, "malazi hayauzwi hapa. Nibebee chumvi hii, umpelekee dada yangu Lupiro." Nasi tukaibeba. Huko Lupiro tukapimiwa kibaba cha mchele.

Hata hivyo tusije tukauremba ukingo ule kupita kiasi. Sisi tulikuwa na afya na majalada. Wengine waliosubiri upande wa pili walikuwa na wagonjwa wa kupeleka hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, na kwao kila saa ya kusubiri ilikuwa adhabu. Januari 2016 kivuko kilipinduka mtoni. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa rasmi Mei 2018, na hakuna mwenye akili timamu anayetamani kurudi kwenye foleni ya kivuko. Tunalosema ni kwamba ule upenu wa Kivukoni ulikuwa chuo cha ukarimu, na chuo hicho hakikuhamishiwa mahali pengine.

Wageni sasa ni wengi. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita Ifakara na Mlimba. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na maporomoko ya Sanje huwavuta watu wa mbali. Nyumba za kulala wageni zimeongezeka. Katika mojawapo, mjini Ifakara, tuliomba wali na samaki wa mtoni, tukaletewa chipsi na mayai, na kijana aliyetuhudumia akatueleza kwa adabu nyingi kwamba kambale si chakula cha wageni. Hatukumkasirikia, hakuna aliyemfundisha. Lakini ilituuma kuona kwamba katika bonde linalolisha miji kwa mchele wake, mgeni huheshimiwa kwa viazi vya kukaanga.

Tena kuna jambo zito zaidi ya hilo. Sehemu kubwa ya bonde, makao ya sheshe na ndege wasiopatikana penginepo, ilifanywa Pori la Akiba mwaka 2023. Wanyama hao wamepungua sana, na kuwahifadhi ni lazima. Lakini ikiwa wavuvi watapoteza mafungu yao ya mchanga, kisha hapo hapo pajengwe mahema ya wageni wa kulipa, basi vijana wetu watajifunza kwamba pumziko la ukingoni lilianza siku mahema hayo yalipofika.

Safari yetu ya mwisho tulivuka daraja kwa dakika chache tu. Dereva hakupunguza hata mwendo. Tulimwomba asimame ng'ambo, tukarudi kwa miguu hadi ukingoni. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, maji yamepungua. Juu ya fungu la mchanga wanaume wawili walikuwa wakishona wavu, na mtoto akichochea moto chini ya chanja. Walituita. Tulikuwa na haraka ya mkutano. Tuliwapungia mkono tu, na jambo hilo limetusumbua hadi leo.