Kuondoa Marufuku Si Kujenga: Funzo la Akademi ya Wasichana wa Arsenal

Katika mijadala yetu kuhusu haki, tumezoea kudhani kwamba kanuni ya kibaguzi ikishafutwa, kazi imekwisha. Mlango ulikuwa umefungwa, sasa umefunguliwa. Asiyeingia ajilaumu mwenyewe. Ninaipinga dhana hiyo, na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo wasomi wengi hawatazami: akademi ya wasichana ya klabu ya wanawake ya Arsenal, jijini London.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1917, wanaume wakiwa vitani, wanawake waliofanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Dick, Kerr mjini Preston, Uingereza, waliunda timu ya soka iliyochangisha fedha kwa ajili ya majeruhi wa vita. Tarehe 26 Desemba 1920 timu hiyo ilicheza katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Nyota wake mkubwa, Lily Parr, alijiunga nayo akiwa bado hajafikisha miaka 16. Tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Soka cha Uingereza, FA, kilitangaza kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikavitaka vilabu vyake viwanyime viwanja. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1971.

Wanawake hawakuacha kucheza. Walihamia viwanja vya wazi visivyokuwa na majukwaa wala viingilio. Kilichokatika ni urithi. Kwa takriban miaka 50, vilabu vya wanaume vilijenga viwanja, vikafunza makocha na kulea watoto kizazi baada ya kizazi. Upande wa pili, mchezaji aliyestaafu hakuwa na mahali pa kumkabidhi binti wa jirani yake alichokijua. Kisha ikasemwa kwamba soka la wanawake halina mvuto wala kiwango. Aliyeziba kisima ndiye aliyelalamika kwamba maji hayatoki.

Je, kuondolewa kwa marufuku kulirejesha kilichopotea? Hapana. Bunge la Uingereza lilipotunga Sheria ya Ubaguzi wa Kijinsia mwaka 1975, kifungu cha 44 kiliiacha nje michezo ambayo nguvu na maumbile humweka mwanamke wa kawaida nyuma ya mwanamume. Mwaka 1978, kesi ya msichana wa miaka 12 aliyezuiwa kucheza katika timu ya wavulana ilifika Mahakama ya Rufani, iliyoongozwa na Jaji Denning. Msichana alishindwa. Kwa hiyo binti wa kizazi hicho alikuwa huru kucheza, lakini timu ya wavulana haikumpokea, na mfumo wa kumlea yeye na wenzake haukuwepo. Uhuru wa namna hiyo ni hati ya shamba lisilo na njia ya kulifikia.

Timu ya wanawake ya Arsenal iliundwa mwaka 1987 na Vic Akers, ambaye kwa miaka mingi alikuwa pia mtunza vifaa wa timu ya wanaume. Alex Scott alianza kulelewa hapo akiwa na umri wa miaka minane. Alipokuwa mchezaji wa timu ya wakubwa, alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha klabu, akifua jezi za wanaume, kwa kuwa soka peke yake halikumtosha kuishi. Mwaka 2007, bao lake lilikuwa la pekee katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya Umeå ya Sweden, na Arsenal ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa ubingwa wa Ulaya kwa wanawake.

Mwaka mmoja kabla ya ushindi huo, Leah Williamson alikuwa amejiunga na kituo cha watoto cha klabu hiyo akiwa na miaka tisa. Tarehe 31 Julai 2022 aliiongoza Uingereza kama nahodha kutwaa ubingwa wa Ulaya Wembley, mbele ya watu 87,192. Mei 2025 alikuwa uwanjani Lisbon Arsenal ilipoifunga Barcelona 1-0 na kurudi kileleni mwa Ulaya. Kutoka mtoto wa miaka tisa hadi nahodha bingwa ilichukua miaka 16. Hakuna amri ya serikali inayoweza kuifupisha miaka hiyo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtaalamu wa bajeti angesema malezi ni uwekezaji wa muda mrefu.

Nasi tuna la kujifunza. Oktoba 2022, Serengeti Girls waliifunga Ufaransa 2-1 nchini India na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, katika ushiriki wao wa kwanza. Aidha, CAF imeweka sharti kwamba vilabu vinavyoshiriki mashindano yake ya wanaume viwe na timu ya wanawake. Ni sharti jema, lakini timu ya wakubwa inaweza kusajiliwa ndani ya dirisha moja la usajili ili fomu ijazwe. Malezi ya mtoto wa miaka tisa hayajazwi kwenye fomu.

Kwa hiyo, ofisa anayeandika ripoti ya usawa, michezoni au kwingineko, asiishie kuhesabu vikwazo vilivyoondolewa. Aulize pia: binti wa miaka tisa anafundishwa wapi, na nani, kwa fedha za nani, na mwakani fedha hizo zitakuwepo?