Meza ya Kikuyu na Kipimo cha Kiongozi

Mwezi Juni 1913, wamisionari wa madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika kituo cha misheni ya Kanisa la Scotland, kutafuta namna ya kuunganisha kazi zao. Mwenyekiti alikuwa J. J. Willis, Askofu wa Anglikana wa Uganda. Mwishoni, W. G. Peel, Askofu wa Mombasa, aliongoza Meza ya Bwana kwa utaratibu wa Kianglikana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wajumbe wasiokuwa Waanglikana wakapokea pamoja na wenzao.

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu hao wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wanaeneza uzushi na mafarakano. Kwa maoni yake, uaskofu uliopokewa kutoka kwa mitume haukuwa desturi ya kuwekwa kando kila kazi inapodai wepesi. Suala lilijadiliwa London Julai 1914, vita vikiwa mlangoni. Jibu la mwaka 1915 halikumtia mtu hatiani, wala halikukubali ibada ile iwe kielelezo cha kufuatwa.

Kiongozi wa leo ana haja gani na ugomvi huo? Katika ibada nyingi za Kiswahili ughaibuni, Mlutheri, Mmoraviani na Mwanglikana hukaa benchi moja, kwa kuwa lugha imewakusanya kabla ya madhehebu. Swali la nani aumege mkate na nani aupokee huzuka lenyewe. Asiyejua historia hudhani limezaliwa jana, akalijibu kwa kufuata upepo. Au hushika kanuni aliyoirithi kana kwamba haikuwahi kubishaniwa na watu wenye imani. Aliyeisoma historia hujua kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito, na kwamba kila jibu lilikuwa na gharama.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi iko katika yaliyofuata. Mwaka 1919 Gavana Northey wa Kenya alitoa waraka uliowataka maofisa wa serikali wahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Willis, pamoja na Askofu Heywood wa Mombasa na Daktari J. W. Arthur wa misheni ya Kikuyu, waliandika kuukosoa waraka huo, lakini wakakubali kazi ya lazima mradi iwekewe sheria na ulinzi. Weston alikataa shokoa kwa namna yoyote, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu cha kuipinga, *The Serfs of Great Britain*. Hivyo baadhi ya waliokunjua mikono mezani walilegea mbele ya serikali, na aliyeilinda meza kwa ukali akawa mkali pia katika kumtetea mfanyakazi.

Hapa historia humnyima kiongozi starehe ya kuchagua mashujaa. Mafundisho ya kale yalimpa Weston kipimo kilichokuwa nje ya serikali na mazoea ya zama zake; kipimo hichohicho kilimfanya awaite wenzake wazushi. Naye hakukwama hapo. Mwaka 1918 alihudhuria mkutano wa pili wa Kikuyu, akiwa na mapendekezo yake ya umoja, na mwaka 1920 alishiriki katika mkutano wa maaskofu wa Lambeth uliotoa wito wa umoja kwa Wakristo wote. Kuyajua mafundisho ya kale hakukumzuia kusogea. Kulimwezesha kujua anasogea kutoka wapi.

Liko pia somo ambalo wahusika wenyewe hawakulitoa. Katika maandishi mengi yaliyobishaniwa London, sauti za Waafrika ni adimu, ingawa mkate ulikuwa wao na mizigo ya shokoa ilikuwa mabegani mwao. Kiongozi anayeisoma historia kwa ajili ya kupata ushahidi wa kushinda mjadala hatauona upungufu huo. Anayeisoma ili apimwe nayo, kabla ya kutoa uamuzi wowote juu ya meza yake, atauliza ni nani katika usharika wake ambaye bado hajaulizwa.